Kichupa cha Nne

Siku tuliyochimba msingi wa chumba cha mtoto tulikuwepo saba. Nilikuwepo mie, mwenye chepe. Alikuwepo mke wangu, mimba ya miezi sita, ameketi kwenye kibaraza cha jikoni akichambua mchele. Alikuwepo dada yangu anayenifuata, aliyeomba ruhusa dukani kwao ili aje kusaidia kupika. Mdogo wetu wa mwisho, kijana wa miaka ishirini, aliyeshika sururu kama mtu aliyeshikishwa mwavuli wa mwenzake. Wanangu wawili, wa kiume wa miaka tisa na wa kike wa miaka minne. Na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, aliyetoka Mbagala asubuhi na mapema akiwa na mihogo kwenye kiroba.

Nyumba ni ya mama. Ipo Kiwalani, upande wa bondeni: vyumba viwili na sebule, uwa wa mchanga mweusi, choo mwisho wa uwa. Baba alitangulia, kisha mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, mdogo wetu wa mwisho akiwa bado hajaacha ziwa. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda kufyatua tofali kwa jirani, nikabaki humohumo kwenye saruji mpaka leo. Kwanza kufyatua, kisha kusaidia mafundi, kisha fundi mwenyewe. Nimejenga nyumba za watu Tabata na Kurasini na kwingineko, na nikipita huko nageuza shingo kuangalia kama ukuta bado umesimama wima. Kwetu nilikuwa sijaongeza hata tofali moja.

Chumba hicho kilikuwa na sababu. Mwaka juzi mke wangu alijifungua mtoto wa miezi saba ambaye hakuvuta pumzi hata moja. Tulirudi nyumbani na kanga zikiwa bado zimekunjwa kama tulivyokwenda nazo. Safari hii, mimba ilipofika miezi sita, hofu ilikuwa imeshahamia kwetu kama mpangaji: hakuna aliyeitaja, lakini kila mtu aliipisha mlangoni. Mie sijui maneno ya kumtuliza mtu. Najua kujenga. Nikasema nitajenga chumba, ili kila aliye ndani ya ule uwa aone kwamba huyu tunamsubiri na kwamba atakaa.

Mama mkubwa hakupenda. "Mgeni hatandikiwi kitanda kabla hajabisha hodi," alisema, hata viatu hajavua. Nikamwambia si kitanda, ni msingi tu. Akasema msingi ndio kitanda cha nyumba, akaenda kumenya mihogo yake.

Chumba kilipaswa kukaa kwenye kona ya nyuma, penye kisiki cha mpapai. Hiyo kona naifahamu. Sie watu wa Kusini, kitovu cha mtoto kikidondoka hakitupwi. Kinafukiwa nyumbani, ili mtoto, hata akienda mbali namna gani, awe na pa kurudi. Wengine wanafukia hivihivi. Mama yetu, kwa sababu maji ya bondeni hupanda kila masika, alikitia kila kitovu kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, pamoja na kipande cha kanga ambayo mtoto alifungiwa siku ya kwanza, akaziba kifuniko kwa nta ya mshumaa. Nilipokuwa na miaka saba nilimchimbia shimo la dada yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilimchimbia shimo la mdogo wetu. Siku zote mbili alinionyesha pa kwangu kwa kidole cha mguu. Kwa hiyo nilijua nikichimba nitavikuta vitatu, na nilikuwa nimepanga kuvitoa taratibu na kuvirudisha chini ya kizingiti cha chumba kipya. Mama mkubwa alikuwa amekuja kusimamia hilo.

Tulivikuta mapema. Vitatu, vimelala ubavu kwa ubavu, kina cha kiganja na nusu. Nta imekuwa nyeusi lakini haijafunguka. Dada yangu alikuja kuviangalia, akakitambua cha kwake kwa kitambaa cha njano, akasema hajawahi kujiona akiwa mdogo namna ile. Tukacheka. Mdogo wetu akasema cha kwake kimekaa vizuri kuliko vyote kwa sababu yeye ndiye mzuri, dada akamwambia ashike sururu, uzuri haufukui msingi. Nikaendelea kuchimba, maana msingi unataka kwenda chini zaidi.

Shimo lilipofika kina cha karibu na kiwiko, chepe liligonga kioo.

Kilikuwa kichupa kama vile vingine, kimezibwa kwa nta ileile, lakini kimekaa peke yake, chini yao. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kijani ambacho hakuna kati yetu aliyekijua. Mdogo wetu aliniangalia. "Braza, we si ulisema vitatu?"

Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu saa ngapi. Aliutazama mkono wangu, kisha akatazama kule jikoni alikokuwa mke wangu. "Vyenu vitatu," alisema polepole. "Hicho kingine si cha kuulizwa leo. Na yule asisikie. Mwenye tumbo haambiwi habari ya namna hii mpaka ajifungue."

Nilimwuliza kama ni cha watu waliokuwa na kiwanja kabla yetu. Alisema tu nisikichanganye na vyetu mpaka atakaponiita. Mchana ule alikula kidogo, akaaga kabla jua halijapoa, na mihogo iliyobaki akaisahau.

Zege lilikuwa limeshachanganywa na zege halisubiri mtu. Tulimwaga msingi. Vile vitatu nilivifukia penye kizingiti kama tulivyokubaliana. Cha nne nilikifunga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji nikakiweka kwenye sanduku langu la vifaa, chini ya pimamaji na mwiko, mahali ambapo mke wangu hana haja ya kugusa. Nilijiambia ni kwa siku mbili tatu. Asubuhi iliyofuata nilibeba sanduku nikaenda kazini.

*

Ilikuwa Januari, joto la kaskazi, lile ambalo saa sita mchana kuku wanalala chini ya ndoo tupu na mtu akipita njiani hatoi salamu ndefu. Nilikuwa napiga plasta nyumba moja Tabata. Mama wa mwenye nyumba, bibi wa watu wa bara, alikuwa akikaa barazani kutwa nzima akitutazama. Siku ya tatu au ya nne aliniita. Nilimwamkia, akaitikia, akasema kazi yangu safi, ila ana neno.

"Huyo mtoto usiwe unakuja naye, fundi. Atakanyaga misumari."

Msaidizi wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akacheka. "Bibi, mtoto ndo mie? Mie nina mke na mapacha."

Bibi hakucheka. "Wewe nakuona," alimwambia. "Namsema yule anayekaa juu ya sanduku."

Sanduku lilikuwa kivulini chini ya dirisha. Halikuwa na mtu. Tuliporudi kwenye jukwaa msaidizi wangu aliendelea kucheka, akasema bibi yule ana mtoto wa jicho, na ndiye huyo mtoto anayemwona. Nami nilicheka. Lakini jioni nilipobeba sanduku nilijikuta nalibeba kwa mikono miwili, na sikumbuki tangu lini nilianza kulibeba hivyo.

Nyumbani, mimba iliingia mwezi wa saba. Huo ndio mwezi tuliouogopa. Kliniki, muuguzi alimwambia mke wangu kila siku ahesabu mtoto anavyocheza, na yeye, mtu asiyependa kazi ya nusunusu, alitafuta bakuli mbili na punje za mahindi. Anaketi kibarazani tangu saa nne asubuhi, na kila mtoto akicheza anahamisha punje moja toka bakuli hii kwenda ile. Nilikuwa nikirudi naangalia bakuli kabla sijamwangalia yeye. Punje zilikuwa nyingi, zaidi ya alivyoagizwa. Lakini siku moja aliniambia jambo alilokuwa amelinyamazia wiki nzima. Toka saa sita na nusu mpaka saa nane, hahamishi hata punje moja. Kila siku. Muda huo tumbo linakuwa gumu na kimya, na mtoto, alivyosema, "anakuwa kama mtu anayesikiliza."

Tulirudi kliniki. Walipima, wakasikiliza moyo, wakasema mtoto mzima, watoto nao hulala. Mke wangu aliwashukuru. Njiani aliniuliza mtoto gani analala kwa saa ya ukutani.

Chumba kilipanda. Nilikuwa nakijenga siku za mapumziko, na mwisho wa Februari kilikuwa na bati na mlango haujawekwa. Ijumaa moja asubuhi nilimwaga sakafu, nikapiga niru, ile saruji tupu ya juu, nikaisugua mpaka ikang'aa kama sahani. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa shangazi yao. Niliziba mlango kwa mabanzi mawili na bati, nikaoga, nikaenda msikitini. Mke wangu alikuwa kibarazani na bakuli zake, akiutazama mlango huohuo muda wote.

Niliporudi ilikuwa inakaribia saa nane. Mabanzi yalikuwa kama nilivyoyaacha. Katikati ya sakafu palikuwa na unyayo mmoja.

Nimeshakuta kila aina ya alama kwenye saruji mbichi: kuku, paka, mbuzi wa jirani, mlevi mmoja Kurasini aliyelala humo mpaka asubuhi. Alama zote hizo zina kuja na kwenda. Huu ulikuwa mmoja tu, wa kulia, vidole vitano vimekaa vizuri, hatua tatu za mtu mzima toka ukuta wowote. Niliupima kwa kiganja changu. Haukufika mwanzo wa vidole. Jioni, binti yangu aliporudi, nilimpima mguu kwa mchezo, nikakuta umeuzidi ule kwa vidole viwili. Ulikuwa wa mtoto aliyeanza kusimama juzi.

Sikumwita mtu. Nililala kifudifudi juu ya ubao, nikanyoosha mkono, nikaufuta kwa mwiko. Sijawahi kulipwa kwa kazi niliyoifanya kwa uangalifu kama ule. Nilipotoka mke wangu aliniuliza nimekuta nini. Nikasema povu la hewa. Aliniangalia muda mrefu, kisha akatazama bakuli, akasema leo pia.

*

Mwishoni mwa mwezi wa nane wa mimba, siku ya Jumanne, mke wangu alitaka kupigilia msumari wa chandarua akafungua sanduku kutafuta nyundo. Siku hiyo sikuwa nimekwenda kazini kwa sababu ya homa. Nilikuta kichupa mezani, kimetolewa kwenye karatasi, kimesimamishwa mbele ya sahani yangu ya wali.

Aliniuliza ni nini, nikamweleza. Nilianza na siku ya msingi nikamaliza na unyayo, bila kuruka. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja kiunoni kama wanavyosimama wenye mimba kubwa.

"Umeniweka na mtu humu ndani miezi miwili," alisema, "na huniambii."

Nikasema si mtu.

"Ni nini basi?"

Alifunika wali, akajifunga kanga ya pili, akanawa uso. Mke wangu ni mtu wa Njombe na ana tabia ya kunawa uso kabla ya ugomvi. Akasema nitafute bajaji, tunakwenda Mbagala, na hicho kichupa nikibebe mkononi, si kwenye mfuko.

Mama mkubwa alikuwa uwani kwake anakuna nazi. Mke wangu alimwamkia, mama mkubwa akaitikia, akaona mkono wangu, akaacha kukuna. Alisema ningemsubiri aniite. Alisema alikuwa anangoja tumbo lishuke. Mke wangu alijishusha taratibu kwenye mkeka mpaka wakawa uso kwa uso.

"Mama, nikiambiwa nitaogopa. Nisipoambiwa naogopa zaidi. Chagua wewe."

Mama mkubwa aliisogeza mbuzi ya nazi pembeni. Kisha alianza kuongea, lakini akimtazama yeye, si mimi.

Alisema mama yetu alikuwa na mtoto kabla yangu. Mtoto wa kike. Alizaliwa Kiwalani hapohapo, mwaka ule baba alipopata kazi ya kupakua mizigo bandarini na kununua kiwanja. Alikuwa na miezi kumi na minne, ameanza kutembea, anatoka mlangoni anakwenda mpaka kwenye mpapai na kurudi, na mtu akimshika mkono anakataa. Homa ilimchukua siku tatu. Mama alikuwa na mimba yangu, miezi minane. Wazee wakasema mwenye tumbo hakai matanga, asije akamvuta wa ndani akamfuata wa nje. Wakamzika asubuhi, wakakunja mkeka kabla haujakaliwa. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na arobaini. Makaburi alikozikwa yalikuja kuhamishwa barabara ilipopanuliwa, na waliohamisha hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Baada ya wiki tatu nikazaliwa mie.

Hapo ndipo aliponigeukia.

"Wazee walikuwa na jina lao la kukupa. Mama yako hakuwasubiri. Alikuita jina la dada yako, kwa sababu linafaa mwanamume hata mwanamke. Alisema hataki jina liitwe nyumbani kwake likose wa kuitika." Akafuta mikono kwenye kanga. "Hukupewa hilo jina, baba. Uliazimwa."

Nakumbuka kuku alipita katikati yetu akaokota chicha ya nazi, na hakuna aliyemfukuza. Nilifikiri juu ya mambo ya kijinga. Nilifikiri kwamba miaka kumi na tisa nimekula wa mwisho kwenye sahani, nimevaa nguo baada ya wote kuvaa, nimesaini kila karatasi ya shule ya wadogo zangu, kwa kuamini kwamba mbele yangu hakuna mtu. Kumbe alikuwepo. Angekuwa na miaka thelathini na sita.

Mama mkubwa akaniuliza kichupa kimekaa wapi muda wote huu. Nikamwambia kwenye sanduku la vifaa.

"Na sanduku unakwenda nalo kazini?"

"Nakwenda nalo."

"Tabata? Kurasini?"

"Kote."

Aliinamisha kichwa. "Kitovu hakitoki nje ya uwa," alisema. "Umemtembeza Dar nzima. Mtoto aliyejua njia moja tu, ya mlangoni na mpapai."

Mke wangu alilia hapo. Hakulia kwa hofu. Nimeishi naye miaka kumi na moja, najua tofauti. Alisema, "Masikini," kama mtu anavyosema juu ya mtoto wa jirani aliyepotea sokoni. Kisha akaomba asaidiwe kuinuka, akasema turudi kabla mchana haujaisha.

Nilivunja kizingiti changu mwenyewe kwa nyundo na patasi. Mama mkubwa, aliyekuja nasi, alinionyesha namna ya kupanga. Vile vitatu nje kwanza. Yeye chini kabisa, peke yake, kama mama alivyomweka, kisha sie juu yake kwa kufuatana: mie, dada, mdogo wetu. Alisema maneno ya kwao Newala ambayo sikuyaelewa yote, mengine nilimsikia mama akiyasema zamani akipuliza moto. Nikafukia, nikamwaga zege jipya. Wakati nalainisha, upepo uligeuka, bati likalia, na mvua ya kwanza ya masika ikaanguka matone makubwa juu ya mchanga wa moto.

Kesho yake, saa saba mchana, mke wangu alihamisha punje tatu. Aliniita kunionyesha. Muuguzi tulipomwambia alisema joto lilikuwa limepungua na mtoto hucheza mama akipata nafuu. Huenda. Ilikuwa siku ya baridi kweli.

*

Alijifungua baada ya wiki mbili, asubuhi ya mvua, maji yamejaa bondeni mpaka tukambeba mgongoni kufika barabara kubwa, mie na mdogo wangu kwa zamu. Hospitali nilikaa kwenye benchi la nje na wanaume wengine wanne, kila mmoja na beseni lake. Nilisikia sauti ya mke wangu, kisha nikasikia imekoma, kisha nikasikia kimya. Kimya kile nilikijua. Nilikuwa nimekikalia kwenye benchi kama lile mwaka juzi. Nikahesabu, sijui kwa nini, kama ninavyohesabu ndoo za kokoto. Nilifika kumi na nane. Kwenye kumi na tisa mtoto akalia.

Wa kike. Kilo tatu na nusu. Ana paji la uso la watu wa Njombe, na miguu mikubwa.

Siku ya saba mama mkubwa alikuja na mbuzi aliyechangiwa na ndugu, na mkeka mpya. Wote tulikuwa na furaha ya watu waliopona. Dada yangu alikuwa anapika na kunitania kwamba sasa nimeshushwa cheo, mie wa pili na yeye wa tatu, basi niache kumpangia saa ya kurudi nyumbani. Watu walipokuwa wameshakula mama mkubwa alimpakata mtoto, akamwangalia, akasema mbele yetu sote kwamba jambo limejinyoosha lenyewe. Amekuja msichana. Apewe jina la dada yangu, mwenyewe arudishiwe kilicho chake, na mie wazee wanitafutie lingine. Alilisema kwa upole. Alikuwa amelifikiria muda mrefu.

Nilimtazama mke wangu. Nilikuwa tayari kukubali; nasema ukweli. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuona kitu kimekwisha.

Yeye alinyoosha mikono akamchukua mtoto. "Mama, nakuheshimu," alisema. "Lakini mwanangu hajaja kulipa. Amekuja kuishi."

Mdogo wetu, aliyekuwa bado na mfupa, aliacha kutafuna. Mama mkubwa alikunja ncha ya kanga yake, akaifungua, akaikunja tena, na nilidhani ameudhika, lakini alipoinua uso niliona kwamba alikuwa anamwona mtu mwingine, mwanamke mwingine mwenye mtoto mchanga ambaye miaka thelathini na tano nyuma hakuwasubiri wazee.

"Basi deni linabaki kwa mwenye kuazima," alisema.

Nikasema aliyeazima ni mama.

"Mama yako hayupo. Jina umelivaa wewe."

Akanieleza linavyolipwa. Niende Newala mwenyewe, nisimtume mtu. Nichukue unga wa mtama na kuku mweupe. Wazee waliobaki wakalie mkeka ambao haukukaliwa, siku tatu, kama kwamba amefariki jana. Jina litajwe kuwa la kwake, mbele ya watu, na mie nikae bila jina mpaka siku ya tatu, ndipo nipewe lile walilokuwa nalo tangu mwanzo. Nilimwuliza ni lipi. Akasema halisemwi kabla.

Mtoto tulimpa jina ambalo hakuna mtu wa kwetu wala wa kwao, aliye hai au aliyekufa, amewahi kulitumia. Mke wangu alilichagua. Sasa anakaa mwenyewe bila mto, kwenye sakafu ya chumba kile, na akiona mlango uko wazi anaegemea mbele.

Newala sijakwenda. Kwanza masika yalikata njia. Kisha kazi ya Kurasini ilikuja, ghorofa moja, nami ni mtu wa kushika kazi inapokuja. Kisha nilifikiri juu ya kitambulisho, na cheti cha ndoa, na daftari za shule ambako mwanangu mkubwa ameandika jina hilo baada ya lake, kwa kalamu, kila ukurasa. Hizo ni sababu, na mama mkubwa akinipigia simu hakubali hata moja. Ananiuliza tu kama nimeshapata kuku.

Watu wananiita kama zamani. Jirani ananiita ng'ambo ya mfereji, mwenye nyumba ananiita toka dirishani, msaidizi wangu ananiita nikiwa juu ya jukwaa. Nasikia. Lakini siku hizi siitiki papo hapo. Nasubiri kidogo, pumzi moja au mbili, huenda mwenye jina yupo karibu na angependa kuitika kwanza.